Karatasi ya Njia

Baba alikuwa mgeuza njia, stesheni ya Tabora.
Mkono wa chuma ukilala huku, mabehewa yataamkia Kigoma;
ukilala kule, Mwanza.
Reli ni zilezile, alisema, kichwa ni kilekile.
Uliza nani kauvuta, na saa ngapi.

Nikimpelekea kiporo niliona dereva akinyakua
karatasi ya njia kwenye kitanzi cha waya, treni haijasimama.
Kitabu chenyewe hakikutoka ofisini kwa masta, hata inyeshe mawe.
Kilichotoka ni nakala, mistari miwili:
treni hii, mpaka Usoke.
Ikifika Usoke inachanwa.

Imenigharimu miaka ishirini na minne, nchi tatu na ndoa moja
kuyarudia hayo kwa lugha ya maabara.
Kitabu ni DNA, kimejifungia kwenye kiini cha seli.
Karatasi ni RNA: inaandikwa, inabebwa, inasomwa, inachanwa,
na jani limekuwa jani, mzizi ukawa mzizi,
kitabu kimoja.

Sasa jaribu kuishika.
Jasho la kidole huila.
Pumzi ya mgeni aliyepita kusalimu tu, huila.
Mikono yangu imezeekea ndani ya glavu,
imejikunja kama ya mtu aliyefulia ukoo mzima.

Mwaka wa tatu umeme ulikatika Ijumaa jioni.
Jenereta lilikuwepo. Dizeli ilikuwa imekwenda msibani, Nzega,
ndani ya gari la ofisi.
Jumatatu nikafungua jokofu: mirija elfu moja na mia mbili,
maji matupu.
Nikakaa sakafuni.
Kabula, aliyekuwa na miezi miwili kazini, hakusema pole.
Aliuliza, tunaanza na shamba gani?

Tukaanza na la Ndekeja binti Kapaya, Usoke.
Muhogo wote batobato, majani ya manjano yamekunja ngumi.
Shina moja tu, kando ya kichuguu,
chini linaugua, juu linang'aa.
"Hilo nilitaka kuling'oa," akasema, "halieleweki."
Nikamsihi kama asihiye mwenye kudaiwa kodi.

Ilikuwa usiku wa manane. Chini ya taa ya urujuanimno,
kwenye jeli, ukajitokeza mstari
mwembamba kama mkwaruzo wa paka:
vipande vya herufi ishirini na moja, vya mmea wenyewe,
vinaitafuta karatasi ya virusi
na kuichana kabla haijasomwa.
Sikupiga kelele.
Nilirudia mara sita. Mara ya nne haukutokea,
na hilo nalo nikaliandika.

Jarida liliniweka jina la tano.
La Kabula halikuwepo. Nilituma barua nne
mpaka likaongezwa, chini kabisa, kwa herufi ndogo.
Akacheka: "Si ndizo tunazozitafuta?"

Nilimpelekea baba picha, nyumbani Isevya.
Kiharusi kimemwachia upande mmoja na neno moja, bado;
analitumia kwa chai, kwa dawa, kwa kuagana.
Nikamweleza: mmea ukinyamaza mahali, baba,
si kwamba haujui la kusema.
Kuna mkono umevutwa.
Akaigeuza picha juu chini, akaitazama muda mrefu
kama ratiba iliyofutwa kwa penseli.
Bado, akasema.

Na kweli. Msimu huu, pingili ishirini za shina lile,
zimepandwa udongo mmoja, siku moja:
tisa zimeugua tena.
Ndekeja anauliza kwa nini tisa.
Zote, angeelewa. Hata moja isiugue, angeelewa.
Nimeliandika swali lake ubavuni mwa daftari, kwa maneno yake,
maana yangu yangelipunguza.

Nje, treni ya Mpanda inapiga honi, imechelewa kama ilivyozoea.
Kabula ameshasaga majani juu ya barafu.
Ananyoosha mkono bila kugeuka,
anasubiri nimpe kifuniko.